Ndege ipi ya kuzamia kwanza: ya vita, au iliyozamishwa makusudi?

Wapiga mbizi wengi wa Dar tumeanzia palepale. Boti inatoka Msasani au Kunduchi, mnashuka Bongoyo, Mbudya au nje ya Fungu Yasini, mnaangalia matumbawe na samaki, mnarudi ufukweni kula pweza. Mtu akishakuwa na cheti na mbizi za kutosha mwilini, hamu inageukia vyombo vilivyozama. Meli tunazo, Unguja iko jirani. Ndege hatuna. Pwani yetu haina ndege iliyolazwa chini kwa ajili ya wapiga mbizi, kwa hiyo anayeitaka lazima apande ndege nyingine kuifuata, aombe viza, abebe mapezi na rejeleta (kifaa cha kupumulia), na alipe kwa dola. Ukichagua vibaya, umepoteza akiba ya miezi mingi.

Wanaouliza habari hii mara nyingi huanza na ukubwa: ipi ndefu kuliko zote, ipi inatoa picha nzuri. Mimi ningeanza na maswali mawili mengine. Iko kina gani? Na ilifikaje chini? Niseme mapema upande nilioko: kwa mkazi wa Dar mwenye cheti cha Open Water, kile cha kwanza cha mpiga mbizi, na mfuko wa kawaida, ndege ya kwanza iwe ya Aqaba, Jordan. Mwenye pesa na wiki mbili za likizo aende Palau au Chuuk, visiwa vya Pasifiki, kwa sababu ndege iliyoanguka vitani ikabaki pale ilipoangukia ina kitu ambacho ndege iliyotolewa injini na mafuta na kushushwa kwa kreni haitakuwa nacho kamwe. Zipo pia mbili tatu ambazo nitakushauri uziache kwa sasa.

Kina na hewa yako

Chukua mtungi wa alumini wa lita 11, ule tunaoukuta kwenye boti nyingi hapa, umejazwa hadi baa 200. Ukiweka kando baa 50 za akiba, una lita 1,650 za kutumia. Mtu wa kawaida aliyetulia huvuta takriban lita 20 kwa dakika akiwa juu ya maji. Kila mita 10 unazoshuka zinaongeza mgandamizo wa anga moja, na hewa unayotumia inapanda kwa kiasi hichohicho. Kwenye mita 15 unakula lita 50 kwa dakika, sawa na dakika 33. Kwenye mita 28 ni lita 76, dakika 21 hivi. Kwenye mita 46 ni lita 112, dakika 14, na humo humo uhesabu kushuka na kupanda. Hesabu hiyo ni ya aliyetulia. Anayeona bawa la ndege likijitokeza kwenye maji ya buluu kwa mara ya kwanza hatulii, na sindano ya geji yake ya hewa inashuka haraka kuliko alivyotarajia.

Kisha kuna naitrojeni, gesi iliyomo kwenye hewa unayovuta, ambayo hujikusanya mwilini kadiri unavyokaa chini. Jedwali la PADI, shirika la mafunzo ya mbizi, linakuruhusu dakika 56 kwenye mita 18 kabla ya kulazimika kusimama njiani wakati wa kupanda. Kwenye mita 30 ni dakika 20. Kwenye mita 40, ambao ndio mwisho wa mbizi ya burudani, ni dakika 9. Cheti cha Open Water kinakufikisha mita 18, Advanced, kinachofuata, mita 30.

Maana yake ni hii: ndege iliyo mita 15 unaizunguka kwa raha, unachungulia chumba cha marubani, unarudi kuangalia tena kile ulichokipita. Iliyo mita 46 unaiona, unaigusa kwa macho, geji inakuambia ugeuke. Watu wawili wanaweza kulipa nauli ileile wakapata vitu viwili tofauti kabisa.

Zilizozamishwa makusudi: Aqaba na Kuşadası

Novemba 2017 Jordan ilizamisha Hercules C-130, ndege ya mizigo ya kijeshi yenye injini nne za pangaboi, kwenye kina kisichozidi mita 17 hivi. Agosti 2019 ikafuata Lockheed L-1011 TriStar, ndege kubwa ya abiria iliyokuwa imetelekezwa kwa miaka kwenye uwanja wa ndege wa Aqaba. Hiyo imelala kuanzia mita 15 hadi 28. Mwaka huohuo yakafunguliwa makumbusho ya kijeshi chini ya bahari, vifaru na helikopta vimepangwa mchangani kwa safu. Na kabla ya hayo yote ilikuwepo Cedar Pride, meli ya mizigo iliyozamishwa mwaka 1985. Pwani nzima ya Jordan ina kilomita 27 tu, kwa hiyo huhitaji kuhama hoteli. Asubuhi ndege, jioni meli.

Uzuri wa Aqaba unaanzia kwenye maji. Hapa kwetu mvua za masika zikishuka, Msimbazi unamwaga tope, na wiki nzima unaweza usione mapezi ya mwenzako. Ghuba ya Aqaba imezungukwa na jangwa, hakuna mto unaoingia, mvua ni chache. Ukishuka kuelekea TriStar unaiona ikiwa bado ndege: pua, mabawa, mkia mrefu. TriStar ilitengenezwa na injini tatu, moja ikiwa mkiani, na umbo hilo la mkia ndilo linaloitambulisha hata kutoka mbali. Baadhi ya viti vimeachwa ndani. Kupita katikati ya viti vya abiria ukiwa umeelea, hewa yako ikipanda na kujikusanya darini kama zebaki, ni jambo ambalo meli haikupi.

Lakini tahadhari. Sehemu ya TriStar iliyo chini ya mita 18 si yako kama una Open Water peke yake, na ndani ya bodi ya ndege si mahali pa kujifunzia kuelea. Vumbi laini hutua sakafuni na juu ya viti. Teke moja la kizembe likishuka badala ya kwenda nyuma, linapanda wingu, na mlango uliokuwa mita tano mbele yako haupo tena. Kwa mwenye Open Water, izunguke kwa nje upande wa juu, kisha nenda kwenye Hercules.

Hercules yenyewe si ile ya picha za mwanzo. Dhoruba ya mwaka 2020 iliivunja vipande. Wengine wanaona imeharibika, mimi nafikiri inafundisha. Ngozi ya ndege ni bati la alumini lenye unene wa karibu milimita moja, limeshikwa kwa ribiti kwenye mbavu nyembamba. Imeundwa iwe nyepesi angani, haikuundwa kupigwa na mawimbi. Meli ya chuma hukaa miaka mia. Ndege unayoiona leo nzima, mwakani inaweza kuwa vipande, na pale alumini inapokutana na boliti za chuma katika maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, inageuka unga mweupe. Kingo zake ni wembe. Kwa sababu hiyo, glavu hazisaidii kama unavyodhani. Kinachosaidia ni kutogusa.

Sasa Kuşadası, Uturuki. Juni 2016 walizamisha Airbus A300 yenye urefu wa mita 54, na inaishia mita 23 hivi. Kwa safari, hii ndiyo rahisi: Turkish Airlines wanatua Dar, unabadilisha Istanbul kwenda Izmir, kisha barabara. Ndege ni kubwa, kina kinakubalika, na hadithi ya safari ni nyepesi kuipanga.

Hata hivyo siiweki mbele ya Aqaba, na sababu ni baridi. Sisi tumezoea maji ya nyuzi 25 Agosti na karibu 29 Machi. Bahari ya Aegean huwa na joto la kutosha miezi ya kiangazi tu. Majira ya baridi hushuka hadi nyuzi 15 hivi. Mwenye suti ya milimita 3 aliyoinunua kwa ajili ya Mbudya ataganda, na aliyeganda huvuta hewa nyingi na hufikiri polepole. Aqaba hata Januari haishuki chini ya nyuzi 20. Pili, Kuşadası ukishamaliza ndege, umebaki na kidogo cha kulinganisha na Bahari ya Shamu, ambayo ndiyo bahari ya Aqaba. Ukiwa na safari yako ya biashara Uturuki mwezi wa Agosti, ongeza siku mbili ukaione. Kuifunga safari kwa ajili yake peke yake, hapana.

Bahrain nayo ilizamisha Boeing 747 mwaka 2019, mita 70 za ndege, kwenye kina cha mita ishirini na kitu. Ni kubwa kuliko zote hizi. Kwa anayefanya kazi nchi za Ghuba ni chaguo la wikiendi. Kwa anayetoka Dar, maji ya huko ni ya chumvi nyingi na mara nyingi hayaangazi kama ya Aqaba, na ndege kubwa usiyoiona yote kwa wakati mmoja inapoteza nusu ya sababu ya kuifuata.

Za vita

Hapa bei inapanda na moyo unapanda nayo.

Karibu na Koror, Palau, imelala Aichi E13A ya jeshi la majini la Japani, ndege ya watu watatu iliyotua na kuruka juu ya maji kwa viatu viwili virefu vya kuelea. Wapiga mbizi wanaiita Jake, jina ambalo Wamarekani waliipa wakati wa vita. Iligunduliwa mwaka 1994, kwenye takriban mita 15. Ni ndogo. Ukiwa juu yake unaiona yote kwa jicho moja, na hapo ndipo inapoishinda TriStar: huhitaji kuingia popote, huhitaji tochi wala kamba ya kuongozea, unaelea tu mita mbili juu ya bawa, ukitazama viti vya watu watatu vikiwa vimepangana mmoja nyuma ya mwingine. Matumbawe yameshika pua na mabawa kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wetu. Mwenye Open Water anaifikia bila kuvuka mpaka wa cheti chake.

Chuuk, huko huko Pasifiki, inajulikana kwa meli zilizopigwa na Wamarekani tarehe 17 na 18 Februari 1944. Kati ya meli hizo kuna ndege. Mbili ninazoziweka juu ni Betty, ndege ya mabomu ya Mitsubishi yenye injini mbili iliyo karibu na kisiwa cha Eten, na Emily, ndege kubwa ya majini ya Kawanishi yenye injini nne, iliyolala kichwa chini. Zote ziko kwenye mita 15 hadi 18 hivi. Betty inakueleza jinsi ilivyoanguka: injini zake hazipo mabawani, ziko mbele kwenye mchanga, zilichomoka maji yalipoisimamisha ghafla nazo zikaendelea na safari. Unaogelea kutoka bawa hadi injini, na umbali huo ndio mwendo wa dakika ile ya mwisho.

Kati ya Palau na Chuuk, kwa Mtanzania nachagua Palau, na sababu si ya chini ya maji. Njia kuu ya Chuuk hupitia Guam, na Guam ni ardhi ya Marekani. Unahitaji viza ya Marekani hata kama unabadilisha ndege tu. Palau unaweza kuifikia kupitia Taipei. Chuuk inakuwa bora pale tu unapotaka meli pamoja na ndege, na una mafunzo ya kuingia kwenye mabaki.

Ulaya ipo B-17 ya Calvi, Corsica, ndege ya mabomu ya Marekani iliyotua majini Februari 1944 karibu na ngome ya mji. Iko mita 27. Hii ni ya Advanced na zaidi: dakika zako 20 zinahesabika, maji ni baridi nje ya kiangazi, na viza ni ya Schengen. Ikiwa una ndugu Ufaransa na cheti sahihi, ni ndege ya injini nne utakayoifikia kwa nauli ndogo kuliko ya Pasifiki, na mabawa yake mapana yamekaa vizuri mchangani.

Na kuna ile ambayo kila anayesoma habari za ndege zilizozama huishia kuitamani: Black Jack, B-17 ya Papua New Guinea. Julai 1943, ikirudi kutoka kushambulia Rabaul, injini mbili zikiwa na hitilafu na hali ya hewa mbaya, ilitua majini mbele ya kijiji cha Boga Boga. Watu kumi wote walitoka hai, wanakijiji wakawapokea. Ndege ikazama nzima na haikuonekana tena hadi mwishoni mwa 1986. Ni simulizi nzuri kuliko zote hapa. Lakini iko karibu mita 50. Hiyo imevuka mpaka wa burudani, ni mbizi ya kitaalamu yenye vituo vya kupandia na mitungi ya ziada, kwenye kina ambacho naitrojeni inalevya hata watu wazoefu. Kwa msomaji wa kawaida wa Dar jibu langu ni hapana, na hata Advanced haibadilishi jibu hilo.

Nani alikuwemo

Hili ndilo linalonifanya nisipime ndege kwa urefu wa mabawa tu. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilianguka Ziwa Victoria, Bukoba, karibu na uwanja wa ndege. Watu 43 walikuwemo, 19 hawakutoka. Tuliona wavuvi wakipiga kasia kuifuata. Novemba 1996 Boeing 767 ya Ethiopia iliyotekwa iliishiwa mafuta ikaanguka pwani ya Ngazija, wakafa 125 kati ya 175. Hayo ni maji yetu na ya jirani zetu, na wapo watu Dar wanaowajua waliokuwemo. Hakuna anayepaswa kutafuta vyuma vya ajali kama hizo kwa ajili ya picha.

Ndege ya vita ni kaburi au si kaburi kutegemea yaliyotokea. Black Jack si kaburi. Nyingine ni. Kabla ya kulipa, muulize divemasta (kiongozi wa mbizi) wa huko swali hilo moja kwa moja: kuna waliofia humu? Jibu lake, na namna anavyolijibu, vitakuambia pia ni mtu wa aina gani unayemkabidhi uhai wako. Na usichukue kitu. Tangu 2004 Marekani ina sheria inayosema ndege zake za kijeshi zilizozama ni mali ya serikali yao hata zikiwa kwenye maji ya nchi nyingine, na hata pasipo sheria, geji ya kasi iliyong'olewa kwenye chumba cha rubani haina maana yoyote ikiwa sebuleni Mbezi.

Ndege iliyozamishwa makusudi inakuondolea swali hilo lote. Kwa anayeanza, hiyo ni faida kubwa: akili yake ibaki kwenye kuelea, hewa na mwenzake.

Huwa kuna anayeuliza: Rufiji je? Ni kweli historia ipo. Mwishoni mwa 1914 Waingereza walimleta rubani Dennis Cutler na ndege ya majini kuitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha kwenye delta, wakitumia kisiwa cha Nyororo karibu na Mafia. Aliiona. Desemba akaanguka mtoni, Wajerumani wakamkamata, na Waingereza wakaivuta ndege ile kuiondoa. Kwa hiyo hakuna cha kufuata, na maji ya delta ni tope, mamba na viboko. Isome, usiizamie.

Kabla ya kukata tiketi

Nenda kwanza Unguja. Mbele ya Mji Mkongwe kuna Great Northern, meli ya kutandaza nyaya za telegrafu iliyokwama kwenye mwamba mwaka 1902. Iko mita 12 hivi, imekuwa nyumba ya samaki, na boti ya Azam itakufikisha kwa nauli ya ndani. Hapo jifunze mambo mawili: kuelea mita moja juu ya chuma bila kukigusa, na kupiga teke la chura, nyayo zikisukuma maji nyuma badala ya chini. Mwombe mwenzako akae nyuma yako aangalie kama unapandisha vumbi. Kama unapandisha, hujawa tayari kulipia TriStar. Panga iwe kipindi cha kaskazi, Desemba hadi Februari, maji yakiwa angavu, na uchague siku za maji mafu. Wakati wa bamvua mkondo wa maji kwenye mlango wa bahari wa Unguja utakunyima mazoezi.

Advanced ifanye hapahapa Dar kabla ya kuondoka, maana ikikukuta Aqaba itakula siku mbili ulizolipia kwa ajili ya ndege. Suti ya milimita 5 inatosha Aqaba karibu mwaka mzima, na ya 7 kwa majira ya baridi kama unasikia baridi haraka. Uliza kituo chako chemba ya mgandamizo ya karibu, ya kutibia ugonjwa wa mbizi, iko wapi, na bima yako iseme wazi kwamba inalipia ugonjwa wa mbizi. Bima nyingi za safari hazilipii.

Kisha mpango wa kurudi. Baada ya mbizi za siku kadhaa mfululizo, DAN, shirika la usalama wa wapiga mbizi, linashauri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, na wengi tunasubiri 24. Aqaba ina mtego wake: barabara ya kwenda Petra na Amman inapanda zaidi ya mita 1,000, na mwili wako hautofautishi mlima na ndege. Wageni wengi hupiga mbizi asubuhi na kupanda gari mchana kwenda kuona Petra. Wewe anza na Petra, ndipo ushuke baharini, na siku ya mwisho Aqaba ibaki kavu hadi saa zako zitimie.